Kitasa Kilichomshinda Mzee

Kitasa cha kwanza mzee alikifungua kwa mpini wa kijiko. Cha pili alikifungua kwa waya aliouchomoa kwenye chujio la chai. Cha tatu hakukifungua, alifunguliwa, na hapo ndipo mwanawe alipokasirika kweli, maana kushindwa na fundi si aibu, lakini kushindwa na machozi ya mlevi ni upumbavu.

Mwanawe huyo mtaa mzima ulimwita Fundi Mdogo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mvi pembeni mwa kichwa na goti moja bovu, na bado alikuwa Mdogo kwa sababu Mkubwa alikuwa hai. Fundi Mkubwa ndiye baba yake: fundi wa vitasa, makufuli na masefu, mtu ambaye enzi zake watu walimfuata kwa gari kutoka mbali aje kuwafungulia kasha la mali la marehemu. Sasa Mkubwa alikuwa na ini lililokauka, tumbo limejaa maji mpaka kitovu kimetokeza nje kama kidole gumba, miguu ukiibonyeza inabaki na shimo, na macho ya njano. Mikono tu ndiyo iliyobaki kuwa yake, na hata hiyo ilidai glasi moja asubuhi ndipo itulie.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Fundi Mdogo alitolewa shule darasa la tano, na hakuwa mjinga. Mikono ya baba yake ilikuwa imeanza kutetemeka, akatakiwa mtu wa kushika tupa. Alishika tupa ubavuni mwa mtu yule miaka thelathini na minane na hakuwahi kusikia neno "vizuri". Kazi mbaya ilitupwa sakafuni. Kazi nzuri iliwekwa kwenye rafu kimya kimya. Alijifunza kuusoma ukimya ule kama wengine wanavyosoma barua.

Mama yake alipokuwa anakata roho, Mkubwa alikuwa kilabuni. Waliokwenda kumwita waliambiwa wasubiri amalizie glasi. Akaimalizia. Hilo Fundi Mdogo hakulisahau, na wala hakujisumbua kulisahau.

Mke wake naye alikwishasema siku nyingi: "Baba yako au mimi." Akamchagua baba, mke akachagua njia. Kwa hiyo walibaki wawili katika nyumba ile ya vyumba viwili, mlevi na mlinzi wa mlevi, na haikuwa rahisi kusema nani kati yao alikuwa amefungwa.

Daktari wao alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na maneno machache. Aliwaonyesha picha.

"Hapa ni kooni kwa mzee. Hii mishipa imevimba. Ikipasuka atatapika damu, na damu hiyo haisimami yenyewe."

"Imevimba kama nini, binti yangu?" Mkubwa aliuliza. Alipenda kujua vitu vinavyoharibika vinaharibikaje.

"Kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, mzee wangu. Inatoa manundu."

"Inazibwa?"

"Inafungwa, kwa kamera na vipete vya mpira. Bingwa wa kazi hiyo anakuja hapa mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi. Nafasi ni sita, wagonjwa ni arobaini. Nitakupa moja, lakini ukae wiki tatu bila kugusa pombe. Ukija nayo mwilini sikupandishi kitandani. Dawa ya usingizi itakuua kabla ya ugonjwa."

"Wiki tatu ni nini? Mimi nimeshaacha pombe mara mia."

"Hizo mara mia ndizo zinazonitisha," daktari akasema.

Mwezi ule wa kwanza ndio wa vitasa vitatu. Kushinda na mzee kwenye kibanda cha kazi ilishindikana, kwa sababu kila rafiki aliyepita kumjulia hali alikuwa na kichupa mfukoni. Basi Fundi Mdogo akawa anamfungia nyumbani mchana. Mlango ulikuwa wa chuma. Nondo za madirisha alizichomelea Mkubwa mwenyewe miaka ile ya uzima wake, zimekaribiana kiasi kwamba chupa haipiti. Chupa haikupita, lakini mpira wa dripu aliouiba wodini siku za nyuma ulipita. Mzee alimpa rafiki yake mmoja ncha ya nje aitumbukize kwenye chupa, yeye akakaa ndani kitandani akivuta taratibu kama mtoto na maziwa. Fundi Mdogo alipogundua hilo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapigilia wavu wa chuma madirisha yote.

Ndipo vikaja vitasa. Alipobadilisha cha kwanza, mzee alitoka siku hiyo hiyo, akamkuta barabarani.

"Kitasa ni tabia ya mtu, mwanangu," Mkubwa akamwambia, akiwa na furaha na pumzi yake ikinuka. "Ukimjua aliyekitengeneza, nusu umeshakifungua. Wewe ni mwoga. Pini fupi unaiweka mwisho, tangu ukiwa mtoto. Badilika kwanza, ndipo ubadilishe kitasa."

Cha pili kilidumu siku mbili. Cha tatu kilikuwa kigumu kidogo, na ufunguo wa akiba Fundi Mdogo alimwachia mdogo wake wa kike, fundi cherehani, kitinda mimba na kipenzi cha baba. Siku mbili kabla ya Alhamisi ya bingwa, mlango ukakutwa wazi na mzee akakutwa kilabuni.

"Alilia, kaka," dada mtu akajitetea. "Aliniambia anataka kuliona kaburi la mama. Wewe hujawahi kumwona baba analia?"

"Nimemwona. Hulia saa nne asubuhi, chupa ikiisha."

"Una moyo wa chuma wewe."

"Na wewe una wa siagi. Sasa angalia nani kayeyuka."

Walimpeleka hivyo hivyo Alhamisi, wakibahatisha. Njiani Mkubwa alitafuna karafuu pakiti nzima. Daktari alimtazama akiingia, hakunyanyuka hata kwenye kiti.

"Mzee, unanukia karafuu kama kabati la bibi harusi, na unatembea kama mtu aliye ndani ya meli. Rudini nyumbani." Kisha akamgeukia mwana. "Nampa nafasi mwezi ujao, kwa sababu yako. Unaofuata huo sina. Na kusema kweli, yeye pia hana."

Maneno hayo Fundi Mdogo aliyabeba mpaka kwenye kibanda chake, akafunga dirisha la wateja, akaketi mbele ya jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani. Siku kumi za mwanzo za zile wiki tatu mzee angelazwa wodini mpaka kutetemeka kupite. Zilizobaki angekuwa nyumbani, na zile ndizo za kuogopa.

Akatengeneza kitasa cha nne. Kila alipotaka kuweka kitu mahali alipozoea, alikumbuka ile kauli ya "mwoga", akakiweka pengine. Alikata silinda kubwa kuliko kawaida. Ufunguo akaufanya uzunguke kushoto. Pini nne, zile zinazonyanyuliwa na meno ya ufunguo, akazipanga kutoka juu, kama mafundi wote, lakini hakuna hata moja aliyoipanga kwa urefu ambao baba yake angeubashiri. Ya tano akaitobolea njia yake kutoka chini, mahali ambapo hakuna fundi mwenye akili timamu anayetafuta pini. Alitumia siku tisa. Alipomaliza alijaribu kukifungua mwenyewe kwa nyaya, akashindwa, na asije mtu akasema kwamba hakufurahi. Alifurahi sana, na furaha yake haikuwa ya mtu anayemwokoa baba yake. Ilikuwa ya mtu anayemngoja.

Ufunguo akakata mmoja tu. Hilo nalo alifundishwa na Mkubwa: kitasa chenye funguo mbili ni pazia.

Jirani yao Mama Kuku, mjane aliyefuga kuku nyuma ya nyumba na kujua habari za kila mtu, alimkuta siku ile anakifunga mlangoni.

"Na wa akiba nitakaa nao mimi?"

"Hakuna wa akiba, mama."

"Fundi Mdogo, nyumba ya ufunguo mmoja si nyumba, ni jela."

"Jela wana funguo mbili," akamjibu, akaendelea kukaza skrubu. "Na akipiga kelele usimsikilize. Atasema anakufa. Kufa ndiyo kazi yake ya kila siku."

Mama Kuku akasonya, akaenda zake kwa kuku.

Siku ya kwanza Mkubwa aliuliza akiwa ndani, sauti ikipita kwenye tundu la ufunguo: "Umekitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi jioni tutaonana kilabuni."

Jioni Fundi Mdogo alirudi mapema. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani, mzee alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kitasa, miguu yake minene ameinyoosha, kando yake kijiko kilichokunjwa na nyaya tatu. Akala mkate wake na supu yake isiyo na chumvi, akalala akiwa ameugeukia ukuta.

Siku ya pili alitukana tangu asubuhi mpaka mchana, matusi ya kikubwa yaliyowafanya hata kuku watulie. Akapiga kelele kwamba anakufa. Mama Kuku akapandisha sauti ya redio. Siku ya tatu alilia. Akapandisha tena.

Siku ya nne kitu kikabadilika. Fundi Mdogo alipoingia jioni, mzee aliuliza bila kumtazama: "Pini ngapi?"

"Tano."

"Muongo. Nne."

"Tano, baba."

Mkubwa akakwaruza ndevu. "Na kinazunguka kushoto."

"Umejuaje?"

"Nimekisikiliza. Kitasa hakionekani, kinasikilizwa. Au umeshasahau?"

Hakuwa amesahau. Ndivyo alivyofunzwa: ukiwa kwenye kitasa kigumu, usiongee, usile, usiache mtu akuite. Sikio lako liko ndani ya chuma.

Tangu siku ile walikuwa na maongezi. Maisha yao yote hawakuwahi kuwa nayo, yakaja sasa, kupitia mlango wa chuma. Asubuhi Fundi Mdogo akitoka, mzee alimtambia: "Leo leo." Jioni akirudi, mzee alimsomea ripoti: pini ya kwanza imekaa, ya pili imekaa, ya tatu ina springi ngumu kuliko wenzake, umeitoa kwenye saa ya ukutani ile mbovu, siyo? Ndiyo, baba. Mshenzi wewe. Pombe hakuitaja. Mikono yake, ambayo haikuwahi kutulia bila glasi kwa miaka ishirini, ilitulia juu ya waya. Tumbo lilipungua kidogo. Siku ya saba alimtania Mama Kuku dirishani kwamba jogoo wake anawika kama mtu anayedaiwa mahari. Mama Kuku alicheka, akamwambia mwana baadaye: "Mzee wako anarudi."

Fundi Mdogo alitaka sana kuamini. Alifikiri, Alhamisi ipite, halafu nitamwonyesha kile kitasa kimefunguliwa mezani, vipande vyote, nimweleze. Alifikiri mambo ya kitoto kama hayo, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Jumanne ya wiki ya bingwa, siku mbili kabla, alipata kazi ofisi moja ya mizigo ng'ambo ya mji. Meneja wao alikuwa amelazwa hajitambui, na namba za sefu alikuwa nazo kichwani mwake tu. Sefu la zamani, zito, la kuzungusha. Kazi ya kusikiliza. Kabla ya kutoka alimpa mzee dawa zake.

"Leo leo," Mkubwa akasema. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini rangi ile ilikuwa ya siku zote.

"Unajisikiaje?"

"Tumbo linaunguruma. Nenda kazini."

Alisimama kidogo mlangoni. Hilo atalikumbuka: alisimama. Kisha akafunga, akauzungusha ufunguo kushoto, akautia mfukoni.

Ofisini aliwaambia wafanyakazi watoke chumbani, akazima simu, akaitia kwenye mkoba wa vifaa, akaweka sikio kwenye chuma. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Yaliyotokea nyumbani aliyapata baadaye kwa Mama Kuku, kipande kipande, kwa sababu mama yule kila akifika mahali fulani alikuwa anasimama na kuanza upya.

Saa nne na nusu hivi mzee alianza kugonga mlango. Hakutukana. Aligonga tu, na kuita, "Jirani. Jirani, nakufa." Mama Kuku alikuwa anawapa kuku maji. Alisema kimoyomoyo, ameanza. Akaingia ndani kwake akawasha redio. Baada ya nyimbo tatu au nne alitoka kuanika nguo, akasikia bado anagonga, ila kwa mpigo wa polepole, kama mtu anayepigilia msumari huku anawaza jambo lingine. Ndipo akaenda dirishani, akachungulia kwenye wavu, akaona sakafu.

Alipiga simu kwa Fundi Mdogo mara kumi na saba. Akaita watu. Walikuja na nyundo, na mtaimbo, na shoka la fundi seremala wa kona. Mlango wa fundi vitasa ndio mlango mgumu kuliko yote mtaani, na mafundi wawili, baba na mwana, walikuwa wamehakikisha hivyo. Bawaba zilikuwa ndani. Nondo hazikutikisika. Wavu waliuchana, lakini nyuma ya wavu kulikuwa na nondo zile zile zisizopitisha chupa. Mtu mmoja alikwenda kutafuta mwenye mashine ya kukatia chuma, akamkuta hana umeme. Mama Kuku alishika nondo akawa anamwambia mzee avumilie. Mzee alimjibu: "Acheni kugonga, wapumbavu nyie. Mnanifanya nisisikie."

Alikuwa bado kwenye kitasa.

Fundi Mdogo alifungua sefu saa sita na dakika tano. Watu walimpigia makofi. Akawasha simu aone saa.

Alifika akiwa nyuma ya pikipiki ya mtu. Watu walipisha njia bila kusema neno, na ukimya ule nao aliweza kuusoma. Mara mbili ufunguo uligonga pembeni mwa tundu. Mara ya tatu ukaingia, na kwa kuhangaika akauzungusha kulia, kama anavyofanya mtu yeyote duniani, ukakataa. Mama Kuku ndiye aliyepiga kelele: "Si huwa unazungusha kushoto!"

Mzee alikuwa ameegemea mlango, kwa hiyo ulipofunguka aliangukia nje, miguuni pa mwanawe. Fulana yake nyeupe haikuwa nyeupe tena. Nyuma yake sakafu yote ilikuwa nyeusi na nyekundu mpaka mguuni pa kitanda. Mkononi alishika kijiko kilichosuguliwa kikawa chembamba kama sindano, na ndani ya tundu la ufunguo, upande wa ndani, zilikuwa zimebaki nyaya mbili zimekaa barabara. Fundi Mdogo hakuhitaji kuambiwa. Pini nne zilikuwa zimenyanyuka, zote nne. Mzee alikuwa amezifungua akiwa anatapika damu.

Walimpakia kwenye pikapu ya muuza mbao. Fundi Mdogo alikaa nyuma, kichwa cha baba yake mapajani. Mkubwa alifumbua macho walipofika kwenye lami.

"Ya tano," akasema. "Ya tano umeiweka wapi?"

"Usiongee, baba."

"Wapi?"

"Chini. Inaingia kutoka chini."

Mzee alifumba macho, mwana akaweka kiganja mbele ya pua yake. Kisha midomo ikasogea.

"Chini," akasema, kama mtu anayeonja kitu. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Hakuna mtu."

"Ndiyo maana ni kazi nzuri."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye maana. Fundi Mdogo aliyangoja miaka thelathini na minane, akayapata juu ya pikapu, kati ya mbao, na kama angeweza angeyarudisha pale pale.

Mkubwa alikufa Jumatano alasiri, saa chache kabla ya siku ya bingwa. Daktari mwenye sauti ya chini alimkuta Fundi Mdogo kwenye benchi la nje.

"Nimepima damu yake. Hakuwa amekunywa hata tone."

"Najua. Nilimfungia."

"Alikuwa amekidhi masharti yote," daktari akasema. Halafu akasema, "Angefikishwa hapa saa moja mapema..." akaiacha hapo, akamshika bega, akaenda kwa wagonjwa wake. Ingekuwa afadhali amalizie.

Msibani dada mtu alikaa upande wa pili wa ua kwa siku mbili. Siku ya tatu akaja na vyombo alivyokuwa anakusanya, akasimama mbele ya kaka yake.

"Ungeniachia ufunguo."

"Nilikuachia mara ya kwanza."

"Angekunywa, ndiyo. Lakini ungekuwepo ufunguo."

"Angekunywa, angekufa."

"Angekufa nje," akasema dada mtu. "Na watu. Siyo akikwangua mlango kama panya."

Alitafuta jibu, akakuta mahali pake pana kile kilabu, na glasi iliyomaliziwa, na mama yake kitandani akiuliza baba yenu yuko wapi. Alitaka kusema, hata yeye hakuja. Lakini kulisema mbele ya maiti ambayo haijapoa vizuri kaburini, na kwa sauti, kungemfanya asikie mwenyewe alichokuwa amekibeba siku zote zile alipokuwa anapiga tupa kwenye jiliwa. Dada akaondoka na vyombo. Bado wanasalimiana, na ni salamu tu.

Kitasa alikitoa mlangoni wiki iliyofuata. Hakukivunja. Alikiweka kwenye rafu ya kibandani kimya kimya, pale zilipokuwa zinawekwa kazi nzuri.

Habari lakini haina kitasa. Mtaani ilisemwa kwamba Fundi Mkubwa, aliyefungua masefu ya matajiri, alikutana na kitasa kimoja kikamshinda, na kitasa chenyewe kilitengenezwa na mwanawe. Ilisemwa kwa masikitiko, kisha kwa mshangao, na mwezi haujaisha ikawa inasemwa kama sifa. Asubuhi moja akaja muuza simu wa duka la kona, mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Pole tena kwa msiba, Fundi." Hakusema Mdogo. Wote walikuwa wameacha kusema Mdogo, kama vile kuna mtu aliyewapitishia tangazo. "Sasa, usinielewe vibaya. Nataka kile."

"Kile kipi?"

"Kile kilichomshinda mzee. Nimeibiwa mara mbili mwaka huu. Nataka niweke nyumbani kwangu, mlango wa mbele."

Fundi aliendelea kusugua kipande cha shaba kwenye jiliwa. Nje mtu alikuwa anapiga honi bila sababu. Angeweza kumfukuza. Angeweza kumrushia nyundo. Lakini mtu hakuwa na kosa, alikuwa anatafuta kitasa kwa fundi vitasa.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu. Mke yuko kwao."

"Una ugonjwa wowote?"

Muuza simu akacheka. "Presha kidogo. Kwani unatengeneza kitasa au unanipa sindano?"

"Nitakutengenezea. Kitakuja na funguo sita."

"Sita! Za nini zote hizo?"

"Mmoja wako. Mmoja kwa jirani wa kulia, mmoja wa kushoto, mmoja kwa ndugu yako, mmoja kazini kwako. Wa sita unabaki hapa kwangu."

"Fundi, bwana, acha utani. Nikiwagawia mtaa mzima, si afadhali nisifunge kabisa?"

"Ndiyo," Fundi akasema. "Afadhali."

Muuza simu alingoja kicheko, kikachelewa, akaona hakiji. Akaaga. Akasema atapita kesho, akijua hatapita. Fundi akapuliza vumbi la shaba, akauinua ufunguo kwenye mwanga akautazama meno. Ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe, wa nne tangu asubuhi. Akauweka pamoja na wenzake juu ya meza, akachukua kipande kingine.